Mzee Natani Tumemzika

Mwisenge, Musoma

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeacha kukohoa, na mguu wa baba umepungua uvimbe. Mimi ni mzima wa mwili, ila wiki hii nimelia sana. Kwenye simu ningeshindwa kusema yote, ndiyo maana nimeandika.

Unamkumbuka yule mzee wa Kiyahudi niliyekueleza, ambaye nilikuwa namfunga kidonda kila nikitoka zamu hospitali? Mzee Natani amefariki.

Alifika nchi hii akiwa mtoto. Mjomba wake alimtorosha kutoka Ulaya wakati Wayahudi wanauawa. Wazazi wake walibaki, wakauawa. Akakulia Bunda, akafanya biashara ya pamba, akawa na malori na nyumba kubwa kando ya ziwa. Mimi nilimkuta kwenye chumba kimoja cha kupanga hapa Mwisenge. Siku moja nikamwuliza mali yote ilikwenda wapi.

"Kwenu," akasema.

Nikadhani ananitania. Kumbe mama, ni wale wapiganaji wa Msumbiji waliopiga kambi huko kwetu Nachingwea, wale waliokuwa wakinunua mihogo kwa bibi! Mzee aliuza lori moja baada ya jingine, mwisho akauza na nyumba, akawapelekea viatu, dawa na unga. Mkewe alimsihi aache, akakataa. Mke akafunga mizigo akarudi kwao.

"Na hukujuta?"

"Mke wangu nilimlilia. Malori, hapana." "Zuhura, wazazi wangu wangeweza kuokolewa. Watu wenye uwezo walikuwepo, wakasema tungoje tuone. Mimi sikutaka kuwa mtu wa kungoja."

Halafu akaniomba jambo moja: akifa azikwe haraka, kwa sanda nyeupe, bila jeneza, mwili uguse udongo. "Nyinyi Waislamu mnajua," alisema. Nikamwahidi.

Jumanne nikiwa Butiama kwenye chanjo, Mama Nyangeta akanipigia analia kwamba mzee amekata roho. Huyu ni jirani yake, mzaliwa wa Kibara, ndiye aliyekuwa akimpikia. Niliporudi nikakuta jeneza limeshaletwa, lina msalaba, na mazishi yamepangwa Jumamosi.

Nikawaeleza alichoniomba. Watu wakaguna.

"Bila jeneza?" Mama Nyangeta akaniuliza mbele ya wote. "Sista, huyu mzee alikuwaga mtu wa watu. Tumfukie kama tunamficha? Wageni wa Bunda watatuonaje?"

"Mama, ni yeye mwenyewe alisema."

"Wewe umemjua juzi! Mimi nimempikiaga miaka yote."

Ni kweli, mimi mgeni hapa. Nikamwambia, "Ndiyo maana nakuomba wewe. Ukisema hapana, nitanyamaza."

Aliniangalia sana. Kisha akafungua pochi yake akanipa hela. "Nenda dukani kachukue kitambaa. Lakini kuimba tutaimba."

Wanaume wawili wa msikiti wa jirani walikuja kumwosha bila kuombwa mara mbili. Mimi na Mama Nyangeta tukashona sanda kwa mkono, tumekaa mkeka mmoja. Alasiri ileile tukamzika, bila kungoja Jumamosi. Wanakwaya walikuja na nguo zao za kazini, wakaimba zaburi kwa Kijita, na Mama Nyangeta alikuwa wa mwisho kuacha kuimba.

Hakuna mtu wa serikali aliyekuja, wala mgeni kutoka Msumbiji. Hawakujua. Hilo ndilo linaniuma. Basi mama, ukienda sokoni waulize wazee kama kuna yeyote aliyekuwa kambini au aliyewapikia wale vijana. Ukimpata, mwambie sehemu ya unga ule ilitoka kwa mtu wa Bunda, anaitwa Natani, na kwamba alizikwa vizuri.

Nisalimie baba, kaka yangu fundi cherehani, na shangazi anayenipangia wachumba. Mwambie bado nafikiria. Mama Nyangeta naye anakusalimu. Tangu mazishi ananiita binti yake, na jioni hii amenialika nikale samaki wa sato.

Akupendaye daima,
mwanao Zuhura