Maji ya Kumwoshea Bi Tatu

Jumatatu, 1 Septemba

Lambo tena. Nimefika mapema, ng'ombe walishatangulia. Ng'ombe wenyewe ni wetu, ndiyo maana kila mwanamke aliyekuja na ndoo amenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekojoa humo. Nimechota tope, nimelichuja kwa kanga, nimelichemsha. Mwanangu Doto anaharisha tena. Pacha wake Kulwa mzima, huyo tumbo lake la chuma. Nesi wa zahanati anasema tubadilishe maji. Tubadilishe na nini?

Bomba la kitongoji chetu limekauka tangu masika yaishe. Kibwana, mwenyekiti wa jumuiya ya maji, anasema pampu imeungua na fundi yuko njiani kutoka Kibaha. Fundi huyo hata angekuja anatambaa, angeshafika.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkutano wa kijiji. Hatimaye. Kitenge nilikipiga pasi tangu jana. Nikasimama, nikauliza nani ameiona hiyo pampu ikiwa imeungua, na mapato na matumizi ya maji tutasomewa lini. Maswali ya kawaida kabisa. Kibwana hakujibu hata moja. Alisema Wasukuma tumekuja juzi na ng'ombe wetu, tumemaliza majani, tumemaliza maji, sasa tunataka na kusomewa hesabu. Watu wakacheka. Wale wale ninaochota nao tope! Mtendaji akafunga mkutano.

Namchukia Kibwana. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema.

Jumapili, 7 Septemba

Bi Tatu, mama yake Kibwana, kaniita nimsaidie kumenya mihogo. Ndiye mtu pekee ninayempenda kijiji hiki. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, watani tangu enzi za mababu, basi tukikutana ni matusi mwanzo mwisho. Leo kaniambia nanuka zizi. Nikamwambia akifa nitauza meno yake, bahati mbaya hana. Kacheka mpaka kakohoa.

Kisha kanipa maji. Kikombe kizima, meupe, ya baridi. Anasema ni ya mvua, mwanawe kayakinga. Mvua gani kiangazi hiki? Alipoingia ndani nikachungulia uani, nyuma ya magunia ya mkaa. Tangi jeusi, refu kunizidi. Bomba limetokea ardhini linaingia humo. Nimeligusa. Linatetemeka, maji yanapita.

Kumbe pampu nzima. Ndiyo maana matofali ya Kibwana ya kuuza yanamwagiwa maji kila asubuhi, na sisi anatuambia ananunua kwenye boza.

Bibi wa watu hajui lolote. Sijamwambia mtu. Nani atamsikiliza mfugaji?

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Tatu amefariki alfajiri. Nimelia kwanza nyumbani, nikamaliza, nikaenda kazini. Kazi ya mtani msibani inajulikana. Nimevaa kanga ya marehemu, nimeshika mkongojo wake, nimekohoa kama yeye, nimewatukana waombolezaji hadi wakacheka huku wanalia. Siku ya msiba mtani hakatazwi neno. Mkutanoni mimi mgeni. Msibani mimi mwenye nyumba.

Waoshaji wakauliza maji. Kibwana akasema yakachotwe lamboni. Mbele ya watu wote, bila kupepesa macho.

Ndoo ya kwanza nimechota mimi. Nimeikoroga kwa mkono kabla ya kuiinua. Nikaitua miguuni pake. Nikamwambia, mwenyekiti, haya ni ya ng'ombe wangu, yanamfaa mama au kuna mengine? Watu wakacheka, si mtani huyo. Yeye akaitazama ndoo. Nikamsubiri. Nafasi nilimpa, Mungu shahidi. Magunia ya mkaa yalikuwa nyuma yake pale pale.

Akasema wayachuje kwa kanga.

Wakamwosha. Bi Tatu wangu, aliyekuwa akifagia uwanja mara mbili kwa siku, kaoshwa kwa tope. Na mletaji wa ndoo ni mimi. Ningeweza kusema kwenye ndoo ya pili. Sikusema. Nilitaka aende mpaka mwisho, akose hata pa kujificha.

Jeneza lilipotaka kutoka, nikalala mlangoni. Halipiti. Wakanitupia sarafu, ndiyo desturi. Nikazirudisha. Nikasema sitaki hela, nataka maji aliyoninywesha marehemu, yapo uani nyuma ya mkaa.

Kibwana akanijia, akanipiga teke la mbavu.

Mtani hapigwi. Hata mtoto anajua. Ukimkasirikia mtani msibani umeshakiri, hakuna haja ya shahidi. Wazee wakamshika. Vijana wakavuta magunia, mmoja akafungua koki, maji yakatiririka uani hadi kwenye miguu ya waliobeba jeneza. Mwajuma, dada yake Kibwana aliyefika leo kutoka Picha ya Ndege, Kibaha, akapiga ukelele.

"Mama yangu mmemwosha kwa tope!"

Akamlilia shehe aoshwe upya. Shehe akasema keshavishwa sanda, hafunguliwi. Wakaenda kumzika hivyo hivyo.

Mbavu zinauma. Nina furaha. Naandika ilivyo: nina furaha.

Jumanne, 16 Septemba

Bomba linatoa maji. Kibwana kavuliwa uenyekiti, matofali yake vijana wameyavunja yote. Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani ofisi ya kijiji kila mwezi, kila mtu ajisomee. Mimi wamenichagua mjumbe wa kamati ya maji. Kwa makofi! Wale wale waliocheka.

Mke wa Kibwana anasukumwa mwisho wa foleni na ndoo zake. Leo ameondoka na moja tupu. Nimeona. Sikumtetea.

Jioni Mwajuma kaja kwangu. Hakukaa. Kauliza swali moja: nilipokuwa naleta zile ndoo, nilikuwa najua? Nikamwambia najua tangu Jumapili ile ya mihogo. Kaniangalia sana. Nilitaka anitukane. Nilimwambia kosa ni la kaka yake, yeye ndiye aliyesema maji yachujwe. Akasema ndiyo, ni kweli. Akaenda zake.

Kweli tupu. Mbona sijala?

Jumapili, 21 Septemba

Doto mzima. Leo kamkimbiza Kulwa uwanja mzima.

Asubuhi nimekwenda bombani. Wanawake wamenipisha mbele, wamenishikia hata ndoo. Hakuna aliyeniambia nanuka zizi. Nimewachokoza mimi mwenyewe, nikasema Wazaramo mmezoea kulala, maji nimewaletea mimi Msukuma. Wametabasamu wakatazama chini.

Mwajuma alikuwepo, hajarudi kwake bado. Nikamtania kuhusu kichwa chake, kwamba kakirithi kwa mama, kikubwa bure. Nilingoja anirudishie. Mama yake angenimaliza. Mwajuma akasogeza ndoo yake pembeni ili nipite.

"Karibu, mjumbe," akasema.

Nikajaza maji, nikarudi nyumbani.