Sheria ya Chemchemi Iliyolala kwa Mwenyekiti

Kijiji cha Litumbiko,
Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na huko Kondoa mvua zimeanza? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na neno hilo leo nalitamka kwa moyo wote, maana mwezi uliopita lisingenitoka. Nilikuficha kwa kuwa nilijua hutapata usingizi.

Mjukuu wako Mwajuma alitaka kututoka.

Kijiji kizima, pamoja na zahanati yangu, tunachota maji kwenye chemchemi ya bondeni. Tangu wanunuzi binafsi wa tumbaku waruhusiwe kuja na malori yao, watu wamesogeza vitalu vya miche mpaka ukingoni. Mvua ikinyesha, dawa wanazonyunyizia zinaingia majini. Nikaanza kuletewa watoto wanaotapika. Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema, mgeni mimi, na watu wakanisikiliza. Wakapitisha sheria ndogo: vitalu vikae mbali na chemchemi. Siku ile nilirudi nyumbani naimba.

Kumbe bado. Mwenyekiti wa kijiji alitakiwa aitie saini, kisha aipeleke wilayani ikathibitishwe. Bila hivyo haina nguvu yoyote. Na kitalu kikubwa kuliko vyote ni cha shemeji yake, Bwana Haule. Hakukataa, mama. Angekataa, tungejua pa kuanzia. Kila tukimwuliza anajibu kwa upole, "Nitaiangalia, nesi." Masika yakaingia anaiangalia.

Ndipo Mwajuma akaanguka. Alitapika hadi macho yakadidimia, mate yanamtoka, hanijui. Dawa za zahanati hazikutosha. Jirani yangu Mama Ngonyani, mjane ambaye amenilea kama mwanawe tangu nihamishiwe huku, alimfunga mtoto mgongoni akaenda moja kwa moja kwa Bwana Haule, kwa sababu ndiye peke yake mwenye gari.

"Washa gari," alimwambia. "Mengine tutasema baadaye."

Haule akawasha. Alituendesha mpaka hospitali ya misheni, akakaa nasi barazani hadi daktari alipotoka. Daktari akasema mtoto atapona, kisha akauliza, "Hawa watoto wa kwenu wanakunywa maji gani?" Mimi nilikuwa nalia. Aliyejibu ni Haule. Tuliporudi kijijini alishuka bondeni na jembe akang'oa vitalu vyake mwenyewe, miche ikiwa karibu kupandwa. Mungu amlipe. Nilimkasirikia sana mtu yule, na leo namwombea.

Tukaenda tena kwa mwenyekiti, akinamama wengi.

"Shemeji ameshahama pale bondeni," akasema. "Sasa sheria ya nini tena?"

"Ya atakayekuja mwakani," Mama Ngonyani akamjibu. "Kwani umeikataa, mwanangu?"

"Sijaikataa, mama."

"Basi umeikubali?"

Mpaka leo hajajibu, na sheria bado si sheria. Wiki hii mfanyabiashara mmoja kutoka mjini amekuja kupima eneo palepale kwa Haule, na hatuna cha kumwonyesha. Akinamama wanapokezana kufua pale ukingoni kutwa nzima, ili asipate pa kuweka jembe. Uchaguzi wa kijiji unakaribia, na Mama Ngonyani ametangaza kwamba atagombea uenyekiti. Wanaume wengine walicheka. Haule hakucheka, amesema atamzungusha kwa gari lake.

Usiniambie nirudi, mama. Watu hawa wamenirudishia mtoto. Nitaondokaje?

Nisalimie baba mdogo, shangazi yule wa sokoni, na mdogo wangu anayesoma. Mwambie akaze buti. Mwalimu wa madrasa mwombe atuwekee dua. Mwajuma sasa yuko uani anawafokea kuku kwa Kingoni, nami simwelewi hata neno moja.

Ni mimi binti yako,
Zuhura