Moyo wa Kidoti na Laini Mpya

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo
Jumapili, tarehe 15 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukikaa na cherehani muda mrefu? Mapacha wako nawakumbuka kila nikisikia vishindo vya watoto wa jirani kwenye ngazi. Natumaini wote mko wazima. Huku tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini.

Umeona, uzima nimeuandika wa kwenu tu, wa kwetu nimeuruka. Barua iliyopita uliniuliza kama Kidoti ameanza kutembea, nikakujibu anakimbia. Nilikudanganya, Dada. Ana mwaka na miezi minne, anashika ukingo wa kitanda, anapiga hatua mbili, anachuchumaa apumzike kama mzee aliyetoka mlimani. Akinyonya, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akilia sana, midomo inageuka rangi ya wino. Ana tatizo la moyo. Kwenye simu nisingeweza kulisema, ningelia, nawe ungelia, tukaishia hapo.

Unajua nipo mapokezi kwenye kituo cha afya, kimojawapo kati ya vitano vilivyo chini ya hospitali kuu. Bingwa wa moyo anakaa huko hospitali kuu, safari ya siku nzima. Tunamtumia picha kwa mtandao, anaziangalia, ndipo anasema nani aende haraka na nani asubiri. Kuzibeba kwa mkono ni marufuku tangu picha za wagonjwa zilipopotea njiani. Na hiyo laini ya mtandao ilikuwa nyembamba mno, vituo vyote tunaigombania.

Basi tulikuwa na utaratibu wetu. Kukiwa na picha nzito ya kutuma, nagonga kengele ya mezani mara tatu, na kila mtu, duka la dawa, maabara, masjala, anaondoa mikono kwenye kompyuta mpaka picha ipite. Mfamasia wetu, mdomo wake haujui kupumzika, anapaza sauti: "Haya, simameni, msafara wa mheshimiwa unapita!" Tunacheka, tunasubiri.

Mama anayepima kwa altrasaundi, tunamwita Mwalimu kwa ukali wake, alimpima Kidoti mwezi wa Novemba. Akarekodi moyo ukipiga, filamu nzima. Mara mbili filamu ilikatika njiani, akaamua kutuma picha za kawaida. Bingwa akajibu kwa mstari mmoja: "Moyo uliosimama hauniambii kitu, nataka niuone ukipiga."

Sasa nisikilize vizuri, maana hili hata baba yake hajui. Mara ya tatu Mwalimu aliniita kutoka chumbani kwake, "Mama Kidoti, kengele!" Kiganja changu kilikuwa tayari juu yake. Sikuigonga. Niliwaza, ikipita tutaambiwa, isipopita bado ni mtoto wangu tu. Mfamasia akaendelea na oda zake, wa maabara na majibu yake, filamu ikafika nusu, ikakatika. Mwalimu akatoka, akanishika bega. "Pole mwanangu, huu mtandao utatumaliza." Na mimi nikaipokea ile pole, nikashukuru. Tukaambiwa tusubiri laini mpya. Tumesubiri zaidi ya miezi mitatu.

Mafundi walikuja Jumatano. Walitoboa ukuta juu ya meza yangu, vumbi likajaa kwenye madaftari, wakafunga kisanduku chenye taa za kijani. Mkubwa wao akasema, "Nipeni kitu kizito, kizito kweli, nione kama inameza." Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Ninacho."

Nilijua ni nini. Mkono ukaenda kwenye kengele wenyewe, kwa mazoea, fundi akacheka. "Hiyo sasa kaitie watu chai, dada. Njia hii ni pana, kila mtu apite na mzigo wake." Hata hajamaliza kusema, filamu imeshafika. Sekunde kumi na moja, alizihesabu kwa sauti. Mfamasia akapiga kelele, "Mheshimiwa kapita bila king'ora!" Wote wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Dada. Nilipiga makofi.

Nilidhani bingwa atachukua hata wiki. Alipiga simu kabla ya chakula cha mchana, simu ya mezani kwangu, bila kujua anaongea na nani. "Huyo mtoto aletwe Alhamisi tarehe 26, aje tayari kulazwa. Na mniambie kwa nini mmenichelewesha na filamu hii." Nikaandika kwenye daftari kama ninavyoandika ya watu wote. Nikamjibu, "Nitafikisha ujumbe, daktari."

Tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Naogopa neno kulazwa. Naogopa akikohoa, akinyamaza naogopa zaidi. Baba yake nilipomwambia tarehe alichukua randa. Amepiga randa mlango wa chumba mara tatu wiki hii, umekonda mpaka haufungi.

Sikuombi ushauri, wala usiniandikie nijipe moyo. Njoo. Fika Jumatano tarehe 25, mapacha waachie baba yao, hawatakufa kwa uji wake mbichi. Nataka ukae upande wangu kwenye benchi nitakapomwambia bingwa ni nani aliyemchelewesha. Nitamwambia mwenyewe, shemeji yako akisikia. Sitaisingizia laini. Ila najijua, nikiwa peke yangu mkono utaganda tena.

Barua hii anakuletea jirani yetu dereva, anaondoka kesho. Mpe jibu la neno moja tu.

Nisalimie shemeji, mapacha, na Shangazi ukimwona. Huyo usimwambie bado, mwache alale. Mama mkwe anakusalimu.

Kengele haina kazi tena kazini, kwa hiyo Mwalimu amempa Kidoti aichezee. Yuko nayo sakafuni hapa ninapoandika. Anaigonga mara moja, anatutazama. Baba yake anasimamisha randa, mimi nasimamisha kalamu, tunasubiri wote wawili mpaka aigonge tena.

Mungu akufikishe salama, na utukute sisi bado tuko watatu.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata pale nilipokuficha,
Mama Kidoti