Wekundu wa Kabula

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimelala kwa baba, asubuhi nimeenda Somanda kwa Mzee Januarius Masalu. Mchoraji wangu! Miaka mingi aliandika mabango ya maduka, hata la baba. Sasa anachora ng'ombe waliokufa au kuuzwa. Hakuwahi kuwaona, hana picha yao. Anamuuliza mwenye ng'ombe, basi, anachora. Hiyo ndiyo dokumentari yangu nzima. Athanasi, mhariri wangu kule Dar, kasema nikishindwa kupata filamu hapa nikauze vitenge.

Jumatano, 11 Juni

Mteja amekuja: Mayu Kwandu wa Shishiyu, mjane (mayu ni mama huku kwetu). Ng'ombe wake Kabula alikufa mwaka jana. Maziwa yake ndiyo yaliyolea watoto baba yao alipofariki.

Salamu zao za mwangaluka zilikuwa ndefu, hadi mbuzi waliulizwa hali. Kisha maswali, saa nzima! Alikuwa akilalia upande gani? Akiitwa, aligeuza sikio gani kwanza? Ukimkamua, alikutazama wewe au ndama? Mayu Kwandu alicheka, akalia, akacheka tena. Na mimi nyuma ya kamera chozi linanitoka, picha inatikisika.

Kuhusu rangi alisema Kabula alikuwa mwekundu, ila wekundu wa kichuguu kilichonyeshewa mvua moja tu. Mzee akasema ameelewa. Eti ameelewa! Mimi ningeuliza namba ya rangi dukani. Mayu atakuja kumwona ng'ombe wake Jumamosi.

Alhamisi, 12 Juni

Sijawahi kuona mtu anafanya kazi hivi. Anachanganya rangi juu ya kipande cha bati, anapaka kidogo ubaoni, anaubeba ubao anatoka nao juani. Anautazama. Anarudi, anapaka, anatoka tena. Mara kumi na moja kabla ya chai! Nikamtania kuwa anafanya mazoezi. Akasema Kabula hakuishi chumbani.

Tatizo ni mlango kuwa wazi. Bodaboda zinapita, malori ya pamba yanapita, sauti yote imeharibika. Na kwenye kamera mzee anaonekana kama mtu aliyepoteza funguo. Athanasi anataka akae sehemu moja. Kesho nafunga mlango na dirisha, nawasha taa yangu. Mzee kakubali. Mpole mno.

Ijumaa, 13 Juni

Picha tamu kuliko zote! Mwanga wa njano shavuni, kimya kabisa. Mara mbili aliinuka na ubao wake, nikamwomba akae. Akakaa. Kope za Kabula kazichora kwa njiti ya kiberiti, na jicho — wallahi lile jicho linanitazama! Natamani ningekuwa na mkono kama ule hata kwa siku moja.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ubao ulitolewa nje. Mayu Kwandu aliuzunguka, akauinamia. Akasema macho ni yake, pembe ni zake, hata anavyosimama ni yeye. Ila mwili siyo. Huyu amepoa, alisema, huyu ni Kabula wa siku ile alipokufa. Na kweli! Kahawia ya kijivu-kijivu, mimi mwenyewe niliiona. Jana ilikuwa nyekundu!

Hakugomba. Alisema wabeja, asante, baba, akaondoka. Mzee akakaa juu ya ndoo, akaosha brashi moja moja, akazifunga kwenye gazeti. Akasema macho yake yamekwisha, huyu ndiye ng'ombe wake wa mwisho. Nilirekodi yote.

Athanasi kapiga simu anashangilia. Umepata mwisho! Mchoraji anaacha brashi! Nilicheka naye. Sijui kwa nini nilicheka.

Jumapili, 15 Juni

Nimezitazama picha za Alhamisi. Rangi ile, kule juani, ni kichuguu chenyewe. Halafu za Ijumaa. Nikachukua kanga nyekundu ya mama, nikaiweka chini ya taa yangu. Ikawaka! Nikaitoa nje, kanga ya kila siku.

Taa yangu. Ilimwonyesha wekundu umezidi, akaupunguza. Macho yake hayana ubaya wowote. Ni mimi niliyemkalisha chini.

Nikimwambia, mwisho wa filamu umekwenda. Nisipomwambia, mzee anaacha kuchora akidhani anapofuka. Athanasi anasema wazee huacha kazi kila siku, nisijipe lawama. Nimemkatia simu. Nampenda mzee yule kuliko filamu — nimeandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika nikiwa kizingitini kwake, upande wa ndani. Nimeshamwambia yote, nikiwa nimesimama, taa mkononi kama mwizi aliyerudisha mali. Aliichukua, akaigeuza-geuza, akauliza betri yake inakaa saa ngapi. Kisha akasema kwamba Ijumaa alijua anatakiwa kutoka nje. Alijua! Aliona haya kumkatalia mgeni. Heri angenifokea.

Nimempigia Mayu Kwandu, yuko njiani. Nilipomwambia mzee hivyo aliguna tu. Brashi bado zimefungwa kwenye gazeti. Kamera iko kwenye begi, sithubutu kuitoa.

Sasa ameinuka. Kachukua bati. Nyekundu, nyeusi kidogo, njano tone moja. Anachanganya kwa kidole, brashi hajazigusa. Katoka nje. Karudi. Kanyoosha kidole mbele ya pua yangu, ananiuliza mimi — mimi! — kama hiyo ni mvua moja au mbili.

Bodaboda imesimama barabarani. Ni sauti ya Mayu Kwandu.

Nimemwambia sijui, mzee. Humu ndani hatuwezi kujua. Tutoke tena.