Injini ya Mitumbwi Miwili

Marahaba, mjukuu wangu Chacha. Bibi yako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu.

Umeuliza injini ifungwe kimo gani kwenye boti yako. Nimefungua shajara yangu ya miaka ya dhahabu Nyamongo, tulipounganisha mitumbwi miwili kuvusha wachimbaji Mto Mara.

Nilipima kimo cha injini mitumbwi hiyo ikiwa tupu. Tulipokaribia ng'ambo, wachimbaji wote walikimbilia mbele, kila mmoja ashuke wa kwanza. Nyuma ikainuka, propela ikazunguka hewani, mto ukaanza kutuchukua. Msichana muuza mandazi alibaki nyuma peke yake.

"Rudini huku, mandazi ni bure," akasema.

Wakarudi. Propela ikashika maji.

Basi pima watu wakiwa wamesongamana mbele. Na ukimpata atakayebaki nyuma, usimwache. Wangu ndiye huyo anayekusalimu.

Babu yako