Jalada la Ukutani

Jumamosi, 25 Mei 2024

Sijamwambia mtu yeyote: jalada la cheti nililokabidhiwa jukwaani jana kwenye mahafali ni tupu. Ya wote yalikuwa matupu, vyeti huja baadaye kwa posta. Changu hakiji. Barua ya chuo ilifika Jumanne — napungukiwa yuniti moja ya somo la maabara. Bila hiyo sina stashahada, na chuo kikuu hakinipokei Agosti. Miaka miwili, yuniti moja! Nikavaa joho hivyo hivyo. Nikapiga picha.

Mama amelitundika jalada karibu na picha ya Bikira Maria wa Guadalupe. Hajalifungua. Anasema mikono yake ina vumbi la mapichi ya kiwandani, ataichafua karatasi.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa Bwana Pruitt, mshauri wa masomo. Yeye ndiye aliyenipangia biolojia isiyo na maabara. Nikamwekea mezani karatasi yake mwenyewe ya mpango wa masomo yangu, tiki ya wino wa kijani, na neno lake: inatosha.

Akasema huo ulikuwa ushauri tu, si uamuzi. Mbona sikuuliza? Nimuulize nani, kama si yeye? Darasa la maabara la kiangazi limejaa tangu juzi. Nisome la muhula ujao, kisha niombe chuo kikuu upya, mwakani. Akanisogezea bakuli la peremende.

Nikasema asante. Asante! Nimejing'ata mdomo njia nzima. Namchukia. Ulimi wangu nauchukia zaidi. Lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, na hakuna hata moja iliyotoka.

Jumapili, 23 Juni

Bi Eduviges, anayepanga mapichi na Mama, kanitania mezani: "Msomi, ukifika huko usijifanye hutujui. Haya, nisogezee pilipili." Mama kacheka mpaka kafuta machozi. Amenunua fremu ya kioo. Anadhani cheti kimo. Keshanawa mikono kwa limau.

Hajui nilichofanya asubuhi akiwa misani. Nimetia ndani ya jalada ile barua, na juu yake karatasi ya Pruitt, kijani chake mbele. Kwa sababu mdomo wangu hauwezi. Kwa sababu nimechoka kuitikia kwa kichwa kila ninachoambiwa.

Ila zote ni za Kiingereza, na Kiingereza cha Mama kinaishia kwenye majina ya matunda. Hilo sikulifikiria. Mjinga mimi.

Nawasikia kutoka chumbani kwangu: wamelifungua. Bi Eduviges anauliza mbona karatasi ziko mbili. Mama anasema, "Nayeli atatusomea. Si ndiye msomi wetu?"

Naweza kusoma chochote. Naweza kusema imeandikwa hongera.

Kandambili za Mama koridoni. Daftari hili nalificha ndani ya joho, kwenye —