Inchi za Mti wa Ishirini

Skuta, Nyeri
9 Novemba 1974

Dada yangu mpendwa Wakonyo,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye tangu Agosti ana furaha kuliko wanawake wote wa Nyeri. Hapo Kiriaini hamjambo? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na watoto wameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima, ila mimi tangu Jumatano siwezi kukaa kitini. Nachemsha chai, nasahau kuinywa.

Bado sijazoea kuitwa mke wa Gicheru. Nikisikia hatua zake akitoka maabara ya shule, nakimbilia kioo kwanza, ndipo nifungue mlango. Usinicheke.

Unajua kwamba fungate yetu ilikuwa mlimani, juu ya Naro Moru, kwenye baridi ya kung'oa meno, na mimi singeibadilisha na Mombasa hata kidogo. Alikuwa akipiga picha za ile miti minene yenye vichwa kama kabichi, miti ishirini, ili azipeleke katika hifadhi ya picha za utafiti kule Nairobi. Aliniambia kwamba wasomi ambao hawajazaliwa watazitazama wajue mlima ulikuwaje siku zetu. Mimi ndiye niliyeandika mahali, tarehe na namba nyuma ya kila picha. Zikikubaliwa, jina lake litaingia kwenye orodha pamoja na majina ya maprofesa, yeye mtunza maabara! Amelitamani hilo miaka sita.

Sasa, sheria yao ni kwamba kila picha iwe na kitu chenye urefu unaojulikana, ili wakitumie kukadiria urefu wa mti. Fimbo yake ya kupimia ilivunjika tukivuka mto, basi akanisimamisha mimi kando ya kila mti. Alikuwa amenipima mlangoni hapa nyumbani, futi tano na inchi moja, akasema hajawahi kuwa na rula nzuri namna hii.

Jumatano ikaja barua ya hifadhi. Walisema kwamba mti wa ishirini umepungua futi nzima tangu ulipopimwa mwaka jana, na mti haupungui. Ama alipiga picha ya mti mwingine, ama hakuwa makini, kwa hiyo hawawezi kupokea hata picha moja mpaka aeleze. Gicheru aliisoma mara tatu, akaacha chakula. Mwalimu Gatimu wa shuleni kwake akamtania kwamba labda mti ulikuwa umepiga magoti ukisali. Hakucheka. Ameamua kupanda Jumatatu akapige zote upya, katika mvua hii na ukungu huu, na juzi tu wapagazi wameshusha mtu aliyevunjika mguu huko huko. Ninapoandika, anapaka buti zake mafuta.

Dada, mti ni ule ule. Unakumbuka siku ya harusi, Shangazi Murugi aliposema mbele ya watu ati bwana harusi amekuja na mtoto wa kumshikia kofia? Maneno hayo yalinikaa. Na Gicheru alikuwa ameahidi kwamba nakala ya picha ya mwisho itatundikwa sebuleni, wageni wote waione. Basi alipoinama kwenye kamera, nilipanda juu ya jiwe lililofichwa na nyasi, nikanyoosha na shingo. Sikujua kwamba nikirefuka mimi, mti utafupika kwenye hesabu zao.

Siku tatu nimekuwa nikifungua mdomo na kuufunga. Naogopa atanitazama kwa macho mengine. Nitampa barua hii aisome kabla sijaifunga. Ikikufikia bila neno lake hapa chini, panda basi la kwanza uje.

Nisalimie Mama, shemeji na watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Wangechi

Shemeji Wakonyo, usipande basi. Buti nimezirudisha chini ya kitanda. Hifadhi nimewaandikia hivi: mti ni ule ule na haujapungua, aliyerefuka ni mke wangu. Januari mvua ikiisha tutakwenda wote wawili kulipima hilo jiwe. Picha inabaki sebuleni.
Gicheru